Mukami hakuwa "mke wa Kimathi" tu

Wasee, tukipita barabara ya Kimathi pale Nairobi tunapiga picha na ile sanamu ya 2007, halafu tunasonga. Lakini nani anamkumbuka Mukami? Alikuwa bado kijana alipoingia kwenye vita vya Mau Mau na mumewe. Msitu aliuonja, jela pia. Tarehe 18 Februari 1957 Waingereza wakamnyonga Kimathi kule Kamiti, wakamzika bila kumwonyesha mkewe kaburi. Mukami akabaki mjane na watoto wa kulea. Uhuru ukaja, marais wakabadilishana viti, yeye bado anaomba mifupa ya mumewe amzike kwa heshima. Alifariki Mei 2023 bila kuipata. Siku ya Mashujaa tukimtaja Kimathi, tumtaje na Mukami. Na serikali itafute hilo kaburi.