Ruzuku ya Lita na Ng'ombe wa Kamba: Hoja kutoka Busia na Tororo

Serikali ikisema inamsaidia mfugaji wa maziwa, la kwanza kuuliza ni inamsaidia wapi: kwenye bei ya lita, au kwenye ng'ombe mwenyewe? Kenya imeegemea bei. Januari 2020, maziwa yalipofurika na bei ya mfugaji kuporomoka, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza Hazina itoe shilingi milioni 500 ili New KCC inunue maziwa ya ziada na kuyakausha yawe unga. Machi 2024, wakati wa Rais William Ruto, kampuni hiyo ya serikali ikapandisha bei hadi shilingi 50 kwa lita. Hatua zote mbili ni ruzuku, hata ziitwe jina gani.

Sasa njoo Busia, mpakani upande wa Kenya. Hapa, kama ilivyo ng'ambo Tororo, Uganda, ng'ombe wa kawaida ni zebu aliyefungwa kamba kando ya njia. Dume hukokota plau. Jike hukamuliwa lita moja au mbili baada ya ndama kunyonya. Maziwa huishia kwenye chai na kwa watoto, na yakibaki hupimiwa jirani kwa kikombe. Ni nadra yafike kiwandani. Ruzuku ya lita humfuata mwenye lita nyingi, naye yuko Nyandarua au Nandi. Huyu wa Busia hukutana nayo dukani msimu wa kiangazi, anaponunua paketi kwa bei iliyopanda.

Bei ikishainuliwa ndani, hulindwa mpakani. Maziwa ya Lato kutoka Mbarara, Uganda, yamewahi kukamatwa Kenya, na Machi 2023 Bodi ya Maziwa ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa maziwa ya unga. Ila Itifaki ya Umoja wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyotiwa saini 2004, inaitaka nchi inayotoa ruzuku ya kuvuruga ushindani iwaarifu wenzake kwa maandishi.

Uganda imechagua njia nyingine. Mpango wa maendeleo ya parokia uliozinduliwa Februari 2022 unaipa kila parokia, ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji, shilingi milioni 100 za Uganda kwa mwaka, na kaya hukopeshwa milioni moja. Fedha hiyo hainunui mtamba chotara mwenye mimba. Hata ingemnunua, angeingia kwenye nchi ya mbung'o na ya kupe wa ndigana kali, na ng'ombe wa kisasa ndio wa kwanza kufa.

Hapo ndipo ruzuku ina hoja. Tororo ilikuwa makao ya shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa nagana na malale, magonjwa yaletwayo na mbung'o, na wilayani humo humo watafiti wamejaribu kunyunyizia dawa miguu, tumbo na masikio tu, kwa kuwa mbung'o huuma zaidi miguuni na tumboni. Dawa inayotumika ni kidogo, na gharama hushuka. Lakini anayenyunyizia ng'ombe wake humkinga pia ng'ombe wa jirani asiyechangia hata senti, kwa hiyo kila mmoja humngoja mwenzake aanze. Pengo hilo soko haliwezi kuliziba. Bei ya lita, kwa kiasi kikubwa, soko linaweza kuipanga lenyewe.

Nitaambiwa Kenya ilishajaribu: majosho na uhimilishaji wa serikali vilififia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 fedha zilipokauka. Ni kweli. Ila serikali wakati ule ilibeba karibu kila kitu, tiba ya ng'ombe mmoja mmoja ikiwemo, na tiba ni faida ya mwenyewe. Ninachopendekeza ni sehemu ya gharama ya dawa ya kunyunyizia, ilipwe na serikali zote mbili, kwa ratiba moja, wiki moja. Jamii ya Wateso iko pande zote mbili za mpaka, na ng'ombe wa mahari hahitaji kupitia kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa Busia Februari 2018. Huvushwa mtoni, na kupe wake.