Paka walioshikamana

Paka walioshikamana ni paka wawili, mara chache watatu, waliozoeana kwa kiwango ambacho kumwondoa mmoja humdhoofisha aliyebaki. Kwa Kiswahili cha kawaida husemwa ni chanda na pete. Vituo vinavyookota na kutibu paka wa mitaani huwatoa paka wa aina hii kwa sharti moja: anayemtaka mmoja achukue wote wawili. Sharti hilo huwakera wengi mwanzoni, hasa waliokuja na tenga moja.

Asili ya tabia

Paka wa nyumbani ametokana na kimburu wa Afrika na Mashariki ya Kati (Felis lybica), kama utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulivyothibitisha. Kaburi la miaka ipatayo 9,500 lililofukuliwa Kipro, ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu, linaonyesha kuwa ujirani huo ni wa zamani. Kimburu mwenyewe ni mnyama wa upweke. Bado yupo kwenye vichaka vya Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, na huzaa na paka wa vijijini bila kuomba ruhusa ya mtu.

Paka wa nyumbani ameacha nusu ya upweke huo. Palipo na chakula cha kutosha, kama dampo, soko la samaki au ghala lenye panya, majike wa ukoo mmoja hukaa pamoja: mama, binti zake, dada zake. Hunyonyeshana watoto na hulinda eneo moja, wakati madume wakizurura. Dume lililozeeka katika kuzurura huko ndilo shume. Kwa hiyo jozi nyingi zilizoshikamana ni za mama na binti au za ndugu wa uzao mmoja, ingawa paka wasio na undugu waliokutana wakiwa wadogo nao huweza kushikamana.

Dalili

Hulala wamegandana, mmoja kichwa chake kimeegemea ubavu wa mwenzake. Hulambana masikio na shingo, mahali ambapo paka hawezi kujifikia. Wakikutana baada ya saa chache za kutengana, mikia husimama wima, huja uso kwa uso, husuguana paji na shavu, kisha hutembea ubavu kwa ubavu. Mmoja akifungiwa chumba kingine, aliyebaki huenda mlangoni, huketi, hulia kwa sauti ndefu isiyo ya njaa, na chakula chake hubaki sahanini mpaka nzi wakijue.

Kula sahani moja si dalili, ingawa ndiyo inayotajwa zaidi. Paka wasiopendana hula pamoja kwa sababu chakula kimewekwa pale tu. Wala si kila ndugu wameshikamana. Wapo wa tumbo moja ambao wakifika mwaka mmoja hawaangaliani.

Jozi za Sokoke

Mfano ulioandikwa vizuri katika Afrika Mashariki ni wa pwani ya Kenya. Mwaka 1978 Jeni Slater, mfugaji wa farasi na mchoraji wa wanyamapori, alimkuta paka jike na watoto wake katika shamba la minazi karibu na Watamu, jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke. Manyoya yao yalikuwa ya kahawia yenye mabaka yaliyochanganyika kama gome la mti, na Wagiriama walikwishawajua kitambo kwa jina la khadzonzo, linalorejea mfano huo huo wa gome. Slater hakuchukua mmoja. Alichukua wawili, dume na jike, akawalea ndani ya nyumba, nao wakatulia upesi kuliko alivyotarajia kwa wanyama waliozaliwa porini.

Kutoka kwake paka wa aina hiyo walifika kwa rafiki yake Gloria Moeldrup, ambaye miaka ya mwanzo ya 1980 alirudi kwao Denmark na jozi nyingine, Jenny na Mzuri. Jina la Mzuri halihitaji mkalimani. Paka hao wawili walionyeshwa hadharani Denmark mwaka 1984, wakazaa, na mwaka 1993 shirikisho la kimataifa la wafugaji paka, FIFe, likawatambua kama aina kamili kwa jina la Sokoke. Ni nadra kwa msitu mmoja wa Kilifi kuupa ulimwengu jina la paka.

Wafugaji wa Sokoke wanasisitiza sifa moja kuliko rangi: paka hawa hawapendi kutengwa. Dume, kinyume na desturi ya madume wengi, hukaa karibu na jike na watoto, na watoto huachishwa ziwa kwa kuchelewa. Wenye uzoefu hushauri wafugwe wawili.

Jozi ina upande wake mbaya pia. Aina nzima ikianza na paka wachache wa ukoo mmoja, damu hurudi kwenye damu. Ndiyo sababu mwanzoni mwa miaka ya 2000 mfugaji wa Kenya, Jeannie Knocker, alikusanya paka wengine wa mabaka yale yale, wakapelekwa ng'ambo kupanua ukoo. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2008 uliwaweka Sokoke karibu na paka wa kawaida wa Lamu na Pate, ambao ukoo wao huelekea Asia, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, kuliko Ulaya. Kwa maneno mengine, khadzonzo ni paka wa Mswahili aliyeingia msituni.

Miji ya pwani

Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar zinajulikana kwa makundi ya paka wanaoishi kati ya watu bila kuwa wa mtu. Paka wa Lamu, wembamba na wenye miguu mirefu, waliandikiwa kitabu kizima na mpiga filamu Mmarekani Jack Couffer, The Cats of Lamu (1998). Wanapopakuliwa samaki, hukaa kwa familia.

Uvumilivu huu una mizizi katika dini. Katika hadithi iliyosimuliwa na Kabsha, sahaba Abu Qatada alimwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, akaeleza kuwa Mtume alisema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaozungukazunguka majumbani. Simulizi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula inajulikana hata na mtoto wa madrasa. Hata hivyo kumwachia mabaki ya samaki ni jambo moja, kumwingiza ndani ni jingine. Paka wengi wa pwani wana walishaji na hawana mwenyewe.

Usukumani

Katika Ipililo, kata ya Wilaya ya Maswa mkoani Simiyu, kama kwingine kwenye mahindi, mtama na pamba, paka hufugwa kwa ajili ya panya na hutoka kwa jirani mmoja mmoja, si kwa jozi.

Namna ya kuwachukua

Watoto wa paka wasitengwe na mama kabla ya wiki 8. Kipindi cha kuzoea watu na paka wengine ni kati ya wiki ya 2 na ya 7 hivi. Aliyepitisha wakati huo peke yake uvunguni hubaki mwoga.

Jozi husafirishwa pamoja, kila mmoja katika tenga lake lakini matenga yamegusana, kwa kuwa paka aliyeogopa humrarua hata anayempenda. Siku za kwanza huwekwa chumba kimoja kidogo, na kitambaa walichokuwa wakilalia kisifuliwe. Sahani ziwe mbili. Beseni za mchanga ziwe tatu, ushauri ambao wenye nyumba za vyumba viwili hupuuza bila madhara makubwa iwapo mchanga unabadilishwa kila siku. Mmoja akienda kutibiwa, akirudi ana harufu ya dawa, na mwenzake anaweza kumfokea kama mgeni. Aliyerudi hupanguswa kwa kitambaa chenye harufu ya nyumbani, kisha wote wawili huachwa.

Ndugu dume na jike wahasiwe na kufungwa kizazi mapema. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4, mimba huchukua siku 63 hadi 65, na paka hana habari na maharimu.

Sheria na afya

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo humgusa paka kama mnyama mwingine yeyote anayefugwa, lakini haimtaji mwenzi wake. Chanjo ya kichaa cha mbwa huwahusu paka pia, jambo linalosahaulika kwa sababu ya jina la ugonjwa. Kampeni za chanjo katika vijiji vinavyopakana na Serengeti zimewalenga mbwa zaidi, na paka huletwa na watoto, ndani ya viroba.

Hali ya sasa

Chama cha Kenya cha kulinda na kutunza wanyama, KSPCA, kilichopo Nairobi, hupokea na kutoa paka kwa watu wa kuwalea. Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar kuna watu na vikundi vidogo vinavyofanya kazi hiyo hiyo. Wanaochukua jozi wengi ni wakazi wa mijini na wageni wa mikataba, na wageni hao wanapoondoka nchini paka hurudi kituoni, wawili kama walivyotoka.