Maalim wa Bahari na Maana ya Kutawakali



Watoto wetu wakisikia "maalim" humfikiria mwalimu wa madrasa. Zamani katika Bahari ya Hindi, maalim alikuwa pia mwenye kuongoza njia ya jahazi. Mashuhuri wao ni Ahmad bin Majid wa Julfar, eneo ambalo leo ni Ras al-Khaimah, aliyeandika Kitab al-Fawaid, kitabu cha elimu ya bahari, mnamo mwaka 1490.

Humo anamtaka maalim alikague jahazi lingali nchi kavu na kuziandika kasoro zake. Tena ajue nyota, masafa na misimu ya pepo, kwani kusi ikichachamaa bandari za magharibi ya Bara Hindi zilifungwa, na aliyechelewa alingoja.

Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu amfunge kwanza ngamia wake, ndipo atawakali. Jahazi nalo ni hivyo hivyo. Basi sisi tunaovuka ziwa na wanetu, tukipanda boti iliyojaa kupita kiasi, isiyo na jaketi za kuokolea, tukasema "Mungu yupo", huko si kutawakali. Tumemwacha ngamia bila kamba.

Wabillahi tawfiq.