Bweranyange si ya wapita njia
Ukiwaambia vijana wa Kibingo kwamba unakwenda kukaa Bweranyange, watakuuliza: kuna nini kule? Migomba na utulivu tu! Lakini pale ndipo ilipokuwa ikulu ya Omukama Rumanika wa Karagwe, aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861.

Januari 1862 Speke akaondoka kuelekea Buganda, akiwinda chanzo cha Nile. Grant, mguu ukimsumbua, akabaki hadi Aprili. Mwenzake akapata umaarufu. Yeye akapata muda wa kuona watu wakiishi.

Mimi niko upande wa Grant. Raha ya kijiji chenye historia haipatikani kwa picha mbili tatu. Kaa, amkia wazee, sikiliza. Wakiondoka hatujawasikiliza, Karagwe yetu tutaisoma kwenye vitabu vya wageni tu.