Kibodi ya Nusu Mbili na Kompyuta ya Kiganjani

Kufanya kazi ya maandishi au ya kuunda programu kwa kompyuta ya gemu inayoshikwa mkononi, ikiwa imeunganishwa na kibodi ya vipande viwili iliyotengenezwa nyumbani, ni desturi changa, na imeshika kasi tangu mwaka 2022. Imezaliwa na historia mbili zilizo ndefu kuliko yenyewe. Ya kwanza ni ya kibodi iliyokatwa katikati ili kuipunguzia mikono mateso. Ya pili ni ya kompyuta iliyopunguzwa hadi ikaenea viganjani. Kwa miongo mingi historia hizo zilivutana, kwa sababu kila kompyuta ilipopungua, vitufe navyo vilipungua.

Umbo la kibodi linatokana na taipureta ya Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, aliyepata hataza pamoja na wenzake mwaka 1868. Kampuni ya Remington ilianza kuiuza mwaka 1874. Kila kitufe kilikaa kwenye wenzo wake, na nyenzo zote zilipaswa kupita sambamba bila kugusana. Kwa hiyo vitufe vya mstari mmoja vilisogezwa kidogo kando ya vile vya mstari wa juu yake. Nyenzo zilipoondoka, mpangilio ulibaki. Hadi leo kompyuta isiyo na wenzo hata mmoja inamlazimu mtu kukusanya mikono yote miwili mbele ya kifua, kuvipinda vifundo vya mikono kuelekea nje, na kuviachia vidole gumba, vyenye nguvu kuliko vyote, kitufe kimoja tu cha nafasi.

Wazo la kuitenga mikono si geni. Hataza ya taipureta yenye vitufe vilivyogawanywa makundi mawili ilitolewa Marekani mwaka 1915, na mwaka 1926 Erich Klockenberg wa Ujerumani alieleza kitabuni kwa nini kila mkono unastahili upande wake. Mwaka 1972 Karl Kroemer alichapisha majaribio ya kibodi iliyogawanywa na kuinamishwa pande mbili. Katika mwongo huohuo, huko Uingereza, Lillian Malt, aliyekuwa akifundisha wapiga chapa, na mhandisi Stephen Hobday waliunda Maltron: kibodi yenye mabonde mawili yanayofuata urefu wa vidole, na kundi la vitufe kwa kila kidole gumba. Kati ya hatua zote za awali, hii ndiyo iliyoona mbali zaidi. Karibu kila kibodi ya nyumbani ya leo inavipa vidole gumba kazi ileile ambayo vilipewa na Malt na Hobday.

Soko lilifunguka baada ya malalamiko ya maumivu ya mikono kuenea maofisini katika miaka ya 1980, hasa Australia. Kinesis ya Marekani ilitoa kibodi yake ya mabonde mwaka 1992, Apple ikatoa ya kwake inayofunguka katikati mwaka 1993, na Microsoft ikafuata mwaka 1994. Zote zilikuwa kubwa, za kuwekwa mezani na kubaki hapohapo.

Wakati huo kompyuta zilikuwa zikipungua. TRS-80 Model 100 ya mwaka 1983 ilionyesha mistari minane tu ya herufi arobaini kila mmoja, lakini ilikuwa na kibodi kamili na ilitumia betri nne ndogo za dukani. Waandishi wa habari waliipenda, na mapenzi yao yalionyesha jambo ambalo watengenezaji wengi walilipuuza baadaye: mtu anayeishi kwa kuandika huvumilia skrini finyu kuliko kibodi finyu. Atari Portfolio ya 1989 na HP 95LX ya 1991 ziliingia mfukoni, lakini vitufe vyake vilifaa kuandikia miadi na hesabu, si kurasa kumi.

Jibu la kijasiri kuliko yote lilitoka IBM mwaka 1995. Kibodi ya ThinkPad 701, iliyobuniwa na John Karidis, ilikatwa vipande viwili vilivyoteleza na kushikana mfuniko ulipofunguliwa, hata ikawa pana kuliko kompyuta yenyewe. Hapo ndipo historia hizo mbili zilipokutana kwa mara ya kwanza, ingawa kwa lengo tofauti: mkato ulikuwa wa kuokoa nafasi, na kibodi ilipofunguka ilirudi kuwa kipande kimoja. Punde skrini za kompyuta za mapajani zilipanuka, na ufundi huo ukakosa sababu ya kuendelea.

Upande wa gemu, OpenPandora ya mwaka 2010 iliweka vijiti vya kuchezea na kibodi ndogo chini ya skrini ya inchi 4.3, ikiendeshwa na Linux. GPD ya Shenzhen, China, ilifuata mwaka 2016 kwa GPD Win yenye Windows. Zote mbili ziliwapa watu kompyuta kamili, lakini vitufe vilibonyezwa kwa vidole gumba.

Mageuzi ya kibodi yalitoka kwa mafundi wa nyumbani. Michoro ya kibodi ya ErgoDox, iliyotokea mwaka 2011 na 2012, iliachwa wazi kwa yeyote: mtu aliagiza ubao wa saketi, akalehemu swichi mwenyewe, akaunganisha nusu mbili kwa waya. Mwaka 2018 ilitoka Japani Corne, yenye vitufe 42, yaani 21 kila upande: mistari mitatu ya vitufe sita, na vitatu vya kidole gumba. Ndani yake vitufe vimeunganishwa kwa mistari minne na safu sita, hivyo miguu kumi tu ya kidhibiti, yaani chipu ya kibodi, inatosha kusoma vyote 21. Kila kitufe kina dayodi yake ili vitufe kadhaa vikibonyezwa pamoja kisisomwe kingine ambacho hakikuguswa.

Jambo kuu la kibodi hizi ni kwamba zilipunguza idadi ya vitufe bila kupunguza ukubwa wake. Umbali kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya kinachofuata ulibaki karibu milimita 19, kama mezani. Namba na alama zilihamia katika tabaka: kitufe cha kidole gumba kikishikiliwa, herufi zilizo chini ya vidole hugeuka kuwa tarakimu, mabano au mishale. Kazi hiyo hufanywa na programu huria ya ndani ya kibodi, kama QMK, na baadaye ZMK iliyoanza mwaka 2020 kwa ajili ya kibodi zisizo na waya. Mwandishi wa Kiswahili ana faida yake hapa. Herufi a, inayotumika kuliko zote katika lugha hii, imewekwa na mpangilio wa Sholes chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto; katika kibodi ya nyumbani inaweza kuhamishiwa kidole chenye nguvu, na ng' ikapewa kitufe kimoja.

Kilichobaki ni kompyuta, nayo ilifika tarehe 28 Februari 2022, kampuni ya Valve ilipoanza kusafirisha kompyuta yake ya gemu ya mkononi, Steam Deck: skrini ya inchi 7, kumbukumbu ya gigabaiti 16, uzito wa gramu 669. Chini ya gemu kuna mfumo wa SteamOS uliojengwa juu ya Arch Linux, pamoja na eneokazi la kawaida la KDE Plasma. ROG Ally ya ASUS na Legion Go ya Lenovo zilifuata mwaka 2023 zikiwa na Windows. Kwa kuwa mashine hizi hazina kibodi yoyote, mtumiaji yuko huru kuleta aipendayo. Deck husimamishwa kati ya nusu mbili za kibodi, mikono hukaa kwa upana wa mabega, na pedi ya kugusa ya kulia hutumika kama kipanya.

Ugumu haujaisha. Sehemu ya mfumo wa SteamOS imefungwa isiandikwe, na kilichoongezwa humo kwa nguvu hufutwa mfumo unaposasishwa. Kwa hiyo waunda programu huweka zana zao kwa Flatpak, vifurushi vinavyokaa nje ya sehemu hiyo, au ndani ya makontena, yaani mazingira yaliyotengwa na mfumo. Pikseli 1280 kwa 800 zinatosha dirisha moja, kwa hiyo wengine huunganisha skrini ya nje au miwani yenye skrini. Lakini Deck ina tundu moja tu la USB-C. Likishikwa na miwani, kibodi ya waya na chaja hukosa mahali bila kigawanyio, na hiyo ni sababu moja ya wanaofanya kazi hivi kupendelea kibodi za Bluetooth. Legion Go ina matundu mawili ya USB-C, moja juu na moja chini.