Wakfu wa 1001
Wakfu wa 1001 ni hazina iliyoasisiwa mwaka 1970 kwa manufaa ya WWF, jumuiya ya kuhifadhi wanyama wa mwitu iliyozaliwa Uswisi mwaka 1961, pale rais wake, Mwanamfalme Bernhard wa Uholanzi, akisaidiwa na tajiri Anton Rupert wa Afrika Kusini, alipoazimia kuwapata wahisani 1,000, kila mmoja atoe dola 10,000, naye mwenyewe awe wa elfu na moja. Dola milioni 10 zilizokusudiwa hazikuwa za kutumiwa, bali za kuwekezwa, ili faida yake igharimie uendeshaji wa ofisi, na sadaka ya mnyonge iwafikie faru na tembo kamili. Tadbiri ya busara kwelikweli. Majina ya wahisani, kwa bahati mbaya, hayakutangazwa, na usiri huo ukazua shaka ya haki.