Ukingo wa Sekenke na Macho ya Wapitaji

Wasafiri wengi watokao Singida kwenda Nzega wanaijua Misigiri kwa jambo moja tu: hapo ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Kiomboi. Basi husimama, abiria wawili watatu hushuka na mizigo yao, kisha safari huendelea. Muda si mrefu gari huanza kuteremka mlima Sekenke, na walio macho hushikilia viti. Wakifika Shelui salama humshukuru Mungu, na mlima husahauliwa mpaka safari nyingine. Ndivyo Sekenke ilivyo vichwani mwa watu: kona kali na magari yaliyopinduka.

Napenda leo nimwombe msomaji ashuke Misigiri na kuuendea ukingo ule kwa miguu. Sababu yangu si uzuri wa mandhari peke yake, ingawa uzuri upo. Ukingo huu ni sehemu ya kuta za Bonde la Ufa, mahali ambapo uwanda wa juu wa Iramba unakatika ghafla na kuporomoka mamia ya mita hadi mbuga ya Wembere. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, watu wa kila aina wamepita hapa, wakaitazama mbuga ile, na kila mmoja akaona kile alichokuwa akikitafuta. Nadhani kuna fundisho kubwa katika hilo.

Hakuna njia iliyochongwa kwa ajili ya watembezi. Zipo njia za mbuzi, za wakata kuni na za warina asali, na kwa kuziunganisha mtu anaweza kuufuata ukingo, akageuka na kurudi Misigiri kwa upande mwingine kupitia msituni. Mimi nilikwenda na mzee mmoja Mnyiramba, mfugaji wa nyuki, ambaye mizinga yake imetundikwa katika miti ya huko. Tulianza alfajiri, kabla ya jua kuwa kali. Mashamba ya alizeti na mtama yaliisha taratibu, tukaingia kwenye miombo. Msitu huu si wa giza kama ile ya Usambara. Ni msitu wa mwanga, miti imeachana, nyasi zimejaa katikati, na mawe makubwa yamekaa kana kwamba mtu aliyapanga.

Mahali pa kwanza pa kutazamia panaelekea magharibi. Miti inaisha, jiwe linatokeza, na chini yake ni Wembere: tambarare isiyo na mwisho, rangi ya majani makavu, yenye madoa ya migunga. Wakati wa masika sehemu kubwa hugeuka kuwa maji na tope, na kiangazi udongo wake mweusi hupasuka.

Mwanzoni mwa 1875 Henry Morton Stanley aliipita nchi hii akitoka pwani kwenda Ziwa Victoria. Safari ilikuwa ya taabu. Mwezi Januari, huko Ituru, mwenzake Edward Pocock alifariki kwa homa, na siku chache baadaye msafara ulipigana na wenyeji wa Vinyata, ukapoteza watu zaidi ya 20. Waliosalia wakapita Iramba na kuingia katika mbuga ambayo Stanley aliiandika kwa jina la Luwamberri. Mtu huyu alikuwa na swali moja kichwani: Nile inaanzia wapi? Kwa hiyo alipoyaona maji ya huku yakielekea kaskazini, aliyaunganisha na mto Simiyu, ambao kweli humwaga maji yake ziwani, akawatangazia wasomaji wake wa Ulaya na Marekani kwamba amepata chanzo cha kusini kabisa cha Nile.

Nilimsimulia mzee habari hizo tukiwa tumeketi juu ya jiwe. Alicheka, si kwa dharau, bali kama anavyocheka mtu anayemsikia mtoto akihesabu vibaya.

“Maji yale hayaendi Misri, mwalimu,” alisema. “Yanakwenda Kitangiri. Yakizidi, yanatoka kwa mto Sibiti mpaka Eyasi. Huko yanakaa, jua linayanywa, inabaki chumvi.”

Ndivyo ilivyo. Wembere ni bonde lililofungwa, na tone la mvua linaloanguka hapo halitaiona bahari. Jambo hili wachungaji wa Iramba hawakuhitaji darubini kulifahamu, kwa kuwa mifugo yao ilikuwa ikiyafuata maji hayo kila kiangazi. Simlaumu Stanley kwa kukosea, maana alikuwa mpitaji. Lakini ni vyema tukumbuke kwamba kosa lake liliingia vitabuni, na ujuzi wa wachungaji haukuingia.

Tukaendelea kuelekea kaskazini, ukingo ukiwa mkono wetu wa kushoto. Mahali pa pili ni padogo, mtu anapafikia kwa kujipenyeza kati ya mawe mawili. Kutoka hapo mzee alinyosha mkono kuelekea vilima vya chini, upande ulipo mgodi wa Sekenke.

Mgodi huu ndio uliokuwa wa kwanza wa dhahabu katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Wajerumani walianza kuufanyia kazi mwaka 1909. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, meli za Waingereza zikaziba bahari, na sarafu kutoka Ulaya hazikuweza kufika. Ndipo mwaka 1916, katika karakana ya reli huko Tabora, zikatengenezwa sarafu za dhahabu za rupia 15 kwa kutumia dhahabu iliyotoka Sekenke. Upande mmoja zina tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake milima. Zilitengenezwa zipatazo 16,000. Mwezi Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na utawala uliozitoa sarafu hizo haukurudi tena. Leo hununuliwa kwa bei kubwa na wakusanyaji wa sarafu wa Ulaya na Marekani. Hapa Sekenke wachimbaji wadogo bado wanapasua mawe wakitafuta mabaki.

Lakini jambo lililonifikirisha zaidi mahali pale halikuwa dhahabu. Mgodi wa zama zile ulikula miti: magogo ya kushikilia mashimo yasiporomoke, kuni za kuwasha moto, mbao za nyumba. Sarafu zinahesabika, na wanaozitunza wanajua idadi yake. Miti haikuhesabiwa na mtu.

Kutoka hapo tulirudi kidogo nyuma, tukapanda hadi mahali pa tatu, palipo juu kuliko pote. Kutoka hapo mbuga inaonekana yote kwa mara moja, na mtu anaelewa kwa nini iliwatia tamaa wahandisi. Kabla ya 1914 Wajerumani walipima uwezekano wa kuyavuta maji ya Ziwa Victoria kwa mfereji hadi Wembere, ili tambarare hii iwe shamba kubwa la pamba kwa viwanda vyao. Vita vikaufuta mpango huo. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilifikia mapatano kuhusu maji ya Nile, yaliyolinda matumizi ya Misri na kuzibana nchi za huku zilizokuwa chini ya Waingereza. Baada ya Uhuru Mwalimu Nyerere alitamka wazi, mwaka 1962, kwamba Tanganyika haifungwi na mapatano hayo. Lilikuwa neno la msingi, ingawa kijijini ndoo zilibaki tupu kwa miaka mingi baadaye.

Tazama basi mzunguko huu wa ajabu. Stanley alidhani Wembere inalilisha ziwa. Wajerumani walitaka ziwa liilishe Wembere. Na katika miaka hii ya 2020 maji ya Ziwa Victoria yamekuja kweli hadi Shelui, chini ya mlima, lakini kwa bomba linalopitia Tinde, na si kwa ajili ya pamba ya mtu wa mbali bali kwa ajili ya kunywa na kupikia. Masimulizi ya Wanyiramba husema kwamba wazee wao walitoka Ukerewe, kisiwa kilichomo ndani ya ziwa hilo. Kwa hiyo mtu anaweza kusema kwamba maji yamewafuata watu.

Njia ya kurudi Misigiri inauacha ukingo na kupita katikati ya msitu. Ni sehemu yenye kivuli, na mtu angetamani iwe ndefu zaidi. Hata hivyo, hapa ndipo tulipoyaona matanuri ya mkaa: duara jeusi moja, kisha jingine, na kando yake visiki vya mininga vikiwa bado vibichi. Mzee alisimama kwenye mti uliokuwa umetundikwa mzinga wake. Mti haukuwepo tena. Mzinga ulikuwa umewekwa chini kwa uangalifu, kana kwamba aliyekata alitaka kuonyesha heshima.

“Huyu ni mtu wa hapa hapa,” alisema. “Mgeni angeuchukua.”

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Ni rahisi kuwasema wapitaji: mzungu mwenye daftari lake, mchimbaji mwenye baruti, mhandisi mwenye ramani. Kila mmoja wao alitazama chini, kwenye mbuga, na hakuna aliyetazama kile alichokikanyaga. Ila sisi wenyewe hatuna udhuru wa upitaji. Tunajua kwamba miti ya ukingoni ndiyo inayoshika udongo usiporomokee bondeni, na inayozuia maji ya mvua yasikimbie kabla ya kuingia ardhini. Tukiimaliza, bomba la Shelui halitaturudishia chemchemi za huku juu.

Wala si kweli kwamba hakuna linalowezekana. Katika mkoa huu huu wa Singida, msitu wa Mgori ulikabidhiwa vijiji vinavyouzunguka katika miaka ya 1990, vijiji vikaweka walinzi wao na sheria zao, na mfano huo ukawa miongoni mwa iliyotangulia Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Majirani zetu wa Shinyanga, kwa kuzifufua ngitili zao za jadi baada ya mwaka 1986, waliirudisha miti mahali palipokuwa pameitwa jangwa. Hao wote walianza kwa kukaa chini na kukubaliana nani akate nini, wapi, na lini.

Tulipoikaribia barabara kuu tulisikia malori yakilalamika kwa kupanda mlima. Mzee alikuwa ameubeba mzinga wake begani njia nzima. Nilimwuliza atautundika wapi. Alinijibu kwamba ameshauona mti, ila kwanza atakwenda kuongea na kijana anayechoma mkaa. Anamfahamu, na anamfahamu baba yake pia.